Kombeo Ulilonisukia

Kibaoni, Ifakara
Jumapili, baada ya misa

Mwanangu Rozina, mama yangu,

Kabla ya yote mpe bibi yako shikamoo yangu. Nenda kampe sasa hivi, nami nitakungoja hapa hapa kwenye karatasi.

Haya. Wewe hujambo? Beni hajambo? Tekla lile sikio limeacha kutoa usaha? Kama bado, usimtie mafuta wala maji ya majani, mpeleke zahanati, na wakikuambia dawa imekwisha rudi tena kesho yake, usichoke. Chandarua chenye tundu umekishona? Maji mnachemsha? Beni asiende kuogelea mtoni, hata kama wenzake wanakwenda, mwambie mama amesema mamba hawatoi taarifa. Najua hapo umecheka, unasema mama anauliza kama polisi. Nauliza kwa sababu niko mbali na macho yangu hayafiki huko.

Mimi mwili ni mzima. Nakula, na mguu ule uliokuwa unavimba umepungua. Ila siwezi kusema mzima nikaishia hapo, kama nilivyokudanganya juzi kwenye simu. Uliponiuliza, "Mama mbona sauti yako hivyo," nikasema mafua. Hayakuwa mafua. Nilijua umepanda kwenye kile kichuguu kutafuta mtandao, na nyuma yako nilisikia watu wanangoja zamu zao, na jambo lenyewe si la kusemea juu ya kichuguu. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Barua nitampa kondakta wa basi la Malinyi, yule mwenye mwanya, anafahamiana na mjomba wako. Isome peke yako kwanza. Halafu utaamua mwenyewe umsomee bibi yako mpaka wapi. Mwandiko wangu unaujua, shule niliiacha darasa la nne, pale ambapo hapasomeki kisia.

Unakumbuka nilivyoingia kwenye kazi hii. Nilikuja kufyeka majani ya msimu tu, kwenye kile kiwanja kidogo cha eropleni njia ya Michenga. Kiwanja chenyewe ni njia moja ndefu ya changarawe, majani huku na huku, na nje ya uzio ni mpunga mpaka macho yanachoka. Sasa ndege wa mpunga hawajui uzio. Wakifukuzwa shambani wanatua kwetu, wakifukuzwa kwetu wanarudi shambani. Siku moja kwelea walikuwa wametanda katikati ya njia, na Msimamizi wetu, kijana wa watu mwenye miwani, anakimbia huku na huku anapunga koti. Nilimwonea huruma. Nikavua kitambaa changu cha kichwani, nikakikunja, nikatia donge la udongo, nikalirusha mara moja. Wakaondoka wote.

"Mama, hayo umejifunza wapi?" akaniuliza.

"Dunguni, baba, juu ya shamba la mpunga. Nimeamia ndege tangu sijaota meno ya pili."

Kuanzia hapo fyekeo likawa kazi yangu ya asubuhi tu. Kazi yenyewe ikawa kutembea njia nzima kabla eropleni haijafika, kuondoa mbuzi, kuondoa mbwa, siku nyingine kenge aliyelala anaota jua, na zaidi ya wote ndege. Nilipokupa habari hiyo ulifurahi, ukanisukia kombeo la katani, ukaweka uzi mwekundu kwenye ncha ili lisinipotee majanini. Sijakuambia nililipokeaje. Nililinusa. Lilikuwa na moshi wa jiko letu.

Mzee Masanja alikuwepo siku ile. Huyu ndiye mwenzangu kazini, Msukuma mtu mzima, mrefu, mwenye ng'ombe wawili, ndiye anayeshika bendera. Akalipima mkononi, akasema, "Mama Rozi, huyo binti akipata mchumba, mwambie mchumba asichelewe siku ya kuleta posa. Mama mkwe ana shabaha."

Nikamwambia, "Na wewe Mzee, ng'ombe wako akiingia tena humu utaiona hiyo shabaha."

"Ng'ombe wangu wamesoma kuliko wewe. Hawakanyagi njia ya Kapteni."

Kapteni ndiye rubani. Kijana, mama, mdogo hata wa kuwa mwanangu wa kwanza kama ningewahi kuzaa. Anakuja na ile eropleni ndogo, ukiondoa mabawa haifiki lori la mpunga, analeta madaktari na maboksi ya dawa, na mgonjwa aliyezidiwa anampeleka Dar es Salaam. Akishuka tu anasema, "Shikamoo mama, ndege wako wameamkaje leo?" Nami namjibu, "Wanakusalimia, baba, wameuliza kama umekula." Siku moja alinionyesha kioo cha mbele, akakigonga kwa kidole. Akasema, "Mama, watu wanadhani ndege ni kitu kidogo. Mimi naenda kasi. Ndege akinigonga hapa ni sawa na jiwe limerushwa na wewe kwa hilo kombeo." Nilicheka. Rozina, nilicheka kabisa.

Sasa nikueleze sheria ya kazi, maana usipoielewa hutaelewa mama yako amefanya nini. Ndege ukiwaona mapema, eropleni bado haijaonekana, wafukuze utakavyo. Lakini eropleni ikishainama kushuka, ukiwaona ndege chini, usirushe kitu, usipige kelele, ukae kimya kama haupo. Mzee Masanja anapandisha bendera nyekundu, Kapteni anaiona, hatui, anapita juu na kuzunguka upya. Ndege waliotulia chini hawamdhuru mtu. Ndege waliorushwa ndio wanaua. Msimamizi aliniambia hivyo siku ya kwanza, akanirudishia maneno mara mbili, nami nikaitika.

Alhamisi hii iliyopita mvua ilikuwa imeacha asubuhi. Nilifyeka ukingo wa njia, majani yakawa mabichi chini, panzi wakatoka kwa wingi. Eropleni ilikuwa inakuja kumchukua mama mmoja mgonjwa, na gari la hospitali lilikuwa tayari linangoja kwenye kivuli. Nikaitembea njia yote, mwanzo mpaka mwisho, hakukuwa na kitu. Nikageuka kurudi. Nyuma yangu, pale pale nilipofyeka, yangeyange walikuwa wameshashuka, wale weupe wanaofuata ng'ombe, wengi, wanaokota panzi. Na nilipoinua kichwa niliiona eropleni imeshainama.

Mzee Masanja alikuwa mwisho wa pili wa njia. Niliiona bendera yake inapanda. Haikuchelewa, mwanangu. Kumbuka hilo, nitalirudia. Bendera ilipanda kwa wakati wake, na Kapteni aliiona, kwa sababu eropleni ilianza kuinua pua.

Na mimi, badala ya kusimama kimya, nilipiga ukelele ule wa shambani na nikarusha. Sikufikiri. Nakuapia hakuna wazo lililopita kichwani. Niliona ndege na mkono ukaenda. Donge likaanguka katikati yao na wote wakapanda juu kwa pamoja, kundi zima, jeupe, na Kapteni alikuwa anapanda hapo hapo.

Mmoja aliingia kwenye pangaboi. Mwingine alivunja kioo. Eropleni iliyumba, ikashuka kwa bawa moja, ikatoka nje ya njia, ikaserereka majanini mpaka kwenye mfereji. Haikuwaka moto, Mungu ashukuriwe. Madaktari wawili waliokuwa ndani walitoka wanachechemea. Kapteni alitolewa na watu, uso wote damu na manyoya meupe yamemganda. Alikuwa anauliza, "Wote wametoka? Wote wametoka?" Hakuuliza habari ya jicho lake. Walimsafirisha siku ile ile. Juzi nimemsikia Msimamizi akiongea kwenye simu, anasema jicho la kushoto halitarudi.

Yule mama mgonjwa walimpeleka kwa gari, barabara nzima ile mpaka Dar es Salaam. Sijui alifika vipi. Nimeogopa kuuliza.

Siku ile ile jioni Msimamizi alitukalisha. Yeye alikuwa kibandani anaandika wakati ule, hakuona. Akamuuliza Mzee Masanja, "Bendera ulipandisha saa ngapi?"

"Nilipowaona ndege."

"Basi ulichelewa. Kama ungewahi, angepita juu salama."

Mzee Masanja aliniangalia. Nilikuwa nimekaa chini, kombeo liko ndani ya kanga yangu, nimelikunja kwenye kiganja. Aliniangalia kidogo tu, halafu akamgeukia Msimamizi, akasema, "Labda nilichelewa, bwana."

Nikaulizwa mimi, "Mama, wewe uliona nini?"

Nikasema, "Sikuona vizuri."

Hayo ndiyo mafua yangu, Rozina.

Mzee akaambiwa akae nyumbani mpaka Jumatatu, wakubwa watakapokuja kusikiliza. Mimi nikaachiwa kazi. Ijumaa nikatembea njia peke yangu, ingawa hakuna eropleni iliyokuja. Jana nikaenda kwake. Nilimkuta anakata kucha za miguu uwanjani kama mtu aliye likizo.

Nikamwambia, "Mzee, kwa nini hukusema?"

"Nisemeje? Kwamba mama wa watu alishtuka?"

"Bendera yako haikuchelewa."

"Najua haikuchelewa. Si niliishika mimi?" Akafuta kisu. "Wewe una watoto watatu na mama mzee. Mimi nina ng'ombe wawili, na sasa nitapata muda wa kuwaendeleza na masomo yao."

Alicheka. Mke wake hakucheka. Aliniwekea kikombe cha maziwa mgando, akasema karibu, hakuniangalia usoni. Nilipotoka alinisindikiza mpaka kwenye miwa, na hapo ndipo aliposema. "Dada, sokoni wanasema mume wangu alikuwa amelewa. Hajaonja pombe tangu kifungua mimba wetu azaliwe. Jana mwanamke mmoja aliniuliza mbele ya watu kama bendera aliishika kwa mkono au kwa chupa." Hakulia. Aliniambia tu, kama mtu anayetaja bei ya kitu, akarudi ndani. Sijui kama anajua. Nadhani anajua.

Leo kanisani tulipofika pale pa kupiga kifua na kukiri nimekosa mimi, mkono wangu ulibaki chini. Mkono ule ule uliorusha Alhamisi, leo haukuinuka. Niliona aibu kuwa mbele ya Mungu nimekaa kimya na mbele ya eropleni nikashindwa kukaa kimya.

Kwa hiyo kesho nakwenda kusema. Nilitaka nikuulize wewe kwanza, kwa sababu wewe ndiye utakayebeba mzigo nikikosa kazi hii, na Beni yuko kwenye mwaka wa mtihani. Lakini barua haiwezi kwenda na kurudi kwa siku moja, na hata ungeniambia nisiseme, sidhani kama ningekusikiliza. Nisamehe kwa hilo. Barua siifungi. Nitamalizia nikirudi.

Jumatatu, saa tisa mchana

Nimerudi. Nimekunywa chai.

Walikuwa watatu kibandani, Msimamizi na wageni wawili, mmoja mama wa makamo mwenye daftari. Nilisalimia, nikaambiwa nikae. Sikukaa. Nilitoa kombeo kwenye kanga nikaliweka mezani juu ya makaratasi yao, nikasema, "Ndege walirushwa na hili. Bendera ya Mzee ilipanda kwa wakati, niliiona kwa macho yangu. Alhamisi nilisema uongo."

Msimamizi alivua miwani. Yule mama mwenye daftari alilichukua kombeo, akashika ule uzi mwekundu, akasema, "Limesukwa vizuri."

"Binti yangu alinisukia," nikasema, halafu nikaona vibaya kukutaja mahali kama pale.

Akaniuliza taratibu, "Mama, uliambiwa usirushe kitu eropleni ikishainama?"

"Niliambiwa."

"Ulielewa?"

"Nilielewa."

"Sasa ilikuwaje?"

"Mimi nilielewa, dada. Mkono ndio ulikuwa haujaelewa. Toka mtoto nimeufundisha kitu kimoja, ndege waruke. Kwetu wakiruka tumekula."

Halafu Msimamizi akasema, na sauti haikuwa ya hasira, ingekuwa afadhali angenikaripia, "Mama, kwa nini hukusema siku ile? Mzee amekaa nyumbani siku zote hizi."

Nilisema tu, "Nina watoto," nikasikia lilivyotoka vibaya, maana Kapteni naye ni mtoto wa mtu.

Wakaandika, wakanisomea, nikatia jina langu lote. Kombeo wakalitia kwenye bahasha ya kaki, wakaifunga kwa gundi. Fulana ile ya kung'aa waliyonipa ya kazi nikaivua, nikaikunja, nikaiacha kwenye kiti. Nimeambiwa nisije tena mpaka nitakapoitwa, na namna walivyosema nimejua sitaitwa. Nilimwomba Msimamizi anipe namba ya Kapteni, nimpe pole, au hata ya mama yake. Akasema, "Ngoja kwanza, mama. Sio leo." Nitaomba tena. Hata kama mama yake atanifukuza, nataka anifukuze akiwa ananiona.

Nje nilimkuta Mzee Masanja, walikuwa wamemwita, ameshashika bendera yake kwapani. Akanitazama, akasema, "Mama Rozi, umenikatizia mapumziko."

"Umsalimie mke wako," nikamwambia. "Mwambie nimesema. Mwambie na sokoni nitasema."

Akaitikia kwa kichwa. Halafu akauliza, sio kwa mzaha, "Sasa ndege nani atawafukuza?" Nikaenda zangu.

Nilipita ukingoni, njia ya miguu ya kila siku. Majani niliyofyeka yamekauka, yananuka kama ya kwetu. Yangeyange wakaja wakashuka karibu yangu kabisa, kama vile mimi ni ng'ombe. Mkono wangu ukaenda kiunoni, na pale kiunoni hapakuwa na kitu. Nikasimama kimya, pumzi nimezibana, na hakukuwa na eropleni hata moja angani. Walikula panzi wao. Waliposhiba wakaondoka wenyewe, polepole, upande wa mpunga. Nilibaki nimesimama mpaka mlinzi wa getini akaniuliza kama nimepotea.

Basi mwanangu, nitakaa hapa wiki moja au mbili nitafute kibarua cha kuvuna, nikikosa nitarudi tulime wote. Usimwambie Beni asome kwa sababu mama amefukuzwa. Mwambie asome tu. Na usiwe na hasira na Mzee Masanja wala na mkewe, hawakunifanyia kitu.

Nisalimie bibi yako, mwambie mkwewe bado anavaa kile kitenge alichompa. Nisalimie mjomba wako fundi baiskeli, amshukuru kondakta kwa niaba yangu. Nisalimie shangazi yako wa kwaya na mumewe katekista, wamwombee kijana mmoja anayeuguza jicho, jina wasiulize. Beni mbusu kichwani hata akikataa. Tekla mshike sikio lile lisilouma, useme ni mimi.

Najua utakaposoma hapa katani itakuwa mkononi, kwa sababu nakufahamu, na utataka kuanza upya usiku huo huo.

Usinisukie jingine.

Mimi mama yenu,
Agata